Kwa Mama, Msusi Aliyetuondolea Hofu ya Sahani

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile uliposhusha pumzi ya mwisho, umelala ubavu, mkono wako ndani ya mkono wa Baba. Mpaka leo beseni likigonga sinki huko jikoni, tunageuza shingo tukidhani ni wewe.

Wanaosoma haya bila kukujua waelewe kwanza jambo moja: hukutuzaa. Mama aliyetuzaa alifariki kitindamimba wetu akiwa hajaanza hata kutambaa. Wewe uliingia nyumbani kwetu baadaye, na begi la nguo na kasha lako la vitana, ukakuta familia nzima inaogopa chakula.

Baba, mpaka rangi wa majumba, alikuwa ameanguka kazini. Hakuteleza kwenye ngazi. Moyo ndio ulimwangusha. Daktari akamwambia aachane na nyama na mafuta mengi, ale vitokavyo shambani kama anataka kuwaona wajukuu. Na kitindamimba, tuliyemwita Tone kwa udogo alioanza nao, alikuwa na mzio. Maziwa, mayai, samaki, karanga, korosho, ufuta, vyote vilikuwa sumu kwake. Mtu aliyekula karanga akimfinya shavu kwa mapenzi, shavu lilivimba mkononi mwake.

Watu wengi wakiacha nyama hukimbilia karanga na korosho. Sisi tungekimbilia wapi? Tulikula wali mweupe na kabichi ya kuchemsha, na kesho yake kabichi ya kuchemsha na wali mweupe. Baba alikuwa akisema nyumba imegeuka ya sungura, na sungura wenyewe wananung'unika. Tulicheka, lakini Tone alikuwa anakonda, na muuguzi wa kliniki alikuwa ameanza kutuangalia kwa jicho la kutuhurumia.

Mkubwa wetu, tuliyemwita Dada, alikuwa bado yuko sekondari, na tayari alikuwa amejipa ulinzi wa jiko. Alinusa kila kijiko. Alisuuza kila sufuria upya hata kama imeoshwa mbele ya macho yake. Tone akila, yeye hakukaa. Alisimama nyuma ya kiti akimtazama midomo. Chakula chake mwenyewe alikula kimepoa, au hakula.

Siku ya kwanza uliposhika mwiko, alisimama mlangoni mwa jikoni, mikono kifuani.

"Hicho kijiko kimetoka wapi?" alikuuliza, bila hata shikamoo.

Uliweka kijiko chini. "Kimetoka kwenye begi langu. Sijui huko nyuma kiligusa nini. Nikitupe?"

"Kitupe."

Ukakitupa. Kisha ukavuta kigoda. "Kaa hapa, mwanangu. Mimi najua nywele. Jiko hili unalijua wewe. Nifundishe."

Dada alikuwa amejiandaa kwa vita, ghafla akakosa wa kupigana naye. Alikaa. Alianza kueleza, mwanzoni kwa mkato, halafu maneno yakamtoka kama ya mtu aliyebeba mzigo njia nzima bila kuulizwa anaupeleka wapi. Wewe ulikuwa unauliza tu: na mafuta je? Na dawa ya meno? Na jirani akileta sahani? Jioni hiyo mlipika dengu pamoja, na Dada anasema hajawahi kuona mtu mzima akisikiliza namna ile.

Kilichofuata, Mama, mpaka leo tunakishangaa. Ulikwenda kwa daktari ukamuuliza mpaka foleni nje ikaanza kukohoa. Ukarudi sokoni ukaanza upya kama mtu aliyetua sayari nyingine. Choroko ulizifunga kwenye kitambaa chenye unyevunyevu zikachipua, Tone akawa anazikagua kila asubuhi kama mifugo yake. Kunde ulizipika na tui jepesi la nazi hadi zikalainika kama mawingu. Mbegu za maboga, baada ya daktari kuthibitisha kwamba hazina neno kwake, ulizikaanga ukazisaga zikawa mchuzi mzito wa kijani, na Baba akaramba kidole mbele ya wageni. Mboga za majani hazikutoka jikoni bila kukamuliwa limau, maana uliambiwa husaidia damu. Na yale ambayo mimea haiwezi kutupa, ulituwekea vidonge vyake mezani, pembeni ya chumvi, ukahakikisha tumemeza.

Siku moja Baba alitafuna, akasimama, akatazama sahani.

"Hiki ni nini?"

"Biringanya."

"Hili biringanya limesomea wapi?"

Ulicheka hadi ukakaa chini.

Saluni yako ilikuwa chumba cha mbele, imetengana na jiko letu kwa mlango mmoja tu, kwa hiyo sheria za jiko zikahamia kwenye nywele. Mafuta ya ufuta uliyoyapenda kupaka vichwa vya wateja uliyatoa yote. Mteja aliyekuja na kifuko cha karanga alikiacha nje. Mtaani wakawa wanasema kwako mtu anaingia na kichwa chake tu, mengine anayatundika kwenye uzio. Na kila mara kabla hujamkumbatia Tone ulinawa hadi viwikoni. Yeye alisubiri, mikono imenyooshwa, akiruka ruka kwa papara, nawe ukisugua kama daktari anayeingia chumba cha upasuaji.

Halafu ikaja ile Jumamosi.

Ulikuwa unamsuka mteja mmoja, mwalimu, nusu ya kichwa imekwisha na nusu imesimama wima. Tone alikuwa jikoni na Dada akila vikate vyembamba vya unga wa dengu, chakula alichokwisha kula mara nyingi. Akaja mlangoni pa saluni, akasema polepole:

"Mama, ulimi wangu unakuwa mkubwa."

Hukupiga kelele. Sindano ya dharura ilikuwa kwenye mfuko wa aproni yako, mle mle na vitana, kama ilivyokuwa kila siku. Ulipiga goti, ukamlaza, ukaikandamiza pajani juu ya suruali, ukahesabu kwa sauti tulivu kana kwamba unamfundisha namba. Kisha ukambeba ukatoka mbio, pekupeku, kuelekea kituo cha afya. Dada alikufuata, na sahani ya vikate mkononi, maana hata katika hofu ile alikumbuka kwamba daktari atauliza mtoto alikula nini. Na nyuma ya Dada alikimbia mwalimu, na nusu yake ya nywele hewani, akipunga taulo kusimamisha magari barabarani na kufoka kwa sauti ile ya darasani: "Simama wewe! Simama!" Magari yalisimama. Nani angebisha?

Pale kituoni walimwekea hewa, wakamwongezea dawa. Dada alikuwa ameegemea ukuta, sahani ya vikate bado mkononi. Uso wa Tone ulikuwa umevimba, macho yamekuwa vijistari. Wewe ulishika nyayo zake mbili, kwa sababu ndipo pekee palipobaki pasipo na mikono ya wauguzi, ukamwambia mambo ya kawaida kabisa: kwamba choroko zake zimechipua, kwamba mwalimu anataka kurudi na kichwa nusu nyumbani. Pumzi yake ilikuwa inapiga filimbi. Ikapiga filimbi. Kisha taratibu ikanyamaza ikawa pumzi tu. Akafungua jicho moja.

"Mwambie mwalimu amependeza," akasema.

Hapo ndipo ulipolia, Mama. Kabla ya hapo hukutoa chozi.

Dengu zilikuwa safi, vyombo vilikuwa safi. Tatizo lilikuwa mashine ya kusaga: kabla ya dengu zetu, palisagwa karanga. Mtaa mzima ukataka ukamfokee msagaji. Baba alikuwa ameshavaa viatu. Ukamwambia avue, ukaenda na Dada.

Msagaji, mzee mpole mwenye kope nyeupe kwa unga, alikuwa amekwisha kusikia. Alisimama kama anayengoja hukumu.

"Mama, mashine niliipangusa. Naapa niliipangusa."

"Najua uliipangusa, baba yangu. Karanga haiondoki kwa kupanguswa. Nionyeshe inavyofunguka."

Mkaifungua. Wewe, yeye na Dada, mikono hadi ndani ya tumbo la mashine, mkitoa mabaki yaliyoganda pembeni za vyuma. Mzee akashika kichwa. "Yote haya?" akasema. "Yote haya yalikuwa humu?" Hukumsuta hata kwa neno. Mlikubaliana kwamba siku moja kila wiki ataifungua, ataiosha, ataikausha, na nafaka yako ndiyo itakayotangulia kuingia kabla ya kitu kingine. Na unga wa kwanza tuliupeleka kupimwa, kwa ushauri wa daktari, ndipo Tone akala.

Sasa sikiliza ambalo huenda hukulipima ukubwa wake. Habari ilienea. Akaja mama mmoja na mtoto asiyeweza kula ngano. Akaja baba mlea watoto peke yake, mwanawe akidhurika na maziwa. Wakawa wanakaa kwenye benchi la saluni yako, hawaji kusuka, wanakuja kuuliza. Tulikuwa tumedhani sisi ndio pekee duniani tunaohofia sahani. Kumbe milango mingi ya mtaa huu ilikuwa imejifungia na hofu ileile. Uliwaketisha, ukaendelea kusuka, ukawaeleza, na kila mara ulianza hivi: "Kwanza nenda kwa daktari. Halafu rudi tupike."

Tone alinenepa. Muuguzi wa kliniki alimpima, akamteremsha, akagonga mizani kwa ngumi akidhani imekwama, akampandisha tena. Moyo wa Baba ulitulia. Akarudi kwenye ngazi zake, huku akipiga mluzi.

Miaka ikapita. Ulipougua, hukukaa nasi muda mrefu. Baba alichukua mwiko, nawe ukiwa kitandani ulimwongoza kwa pua. "Moto huo mkubwa," ulisema kutoka chumbani. "Punguza. Sasa weka limau." Alitii kama mwanafunzi. Hata siku ile ya mwisho ya kusema, ulimsahihisha kuhusu chumvi.

Tunataka ujue yaliyotokea siku ya mazishi yako.

Watu walijaa. Nyuma ya nyumba wanawake wa mtaa walikuwa wamewasha mioto, masufuria makubwa makubwa yamepangwa, maana waombolezaji ni lazima wale. Dada alikuwa ndani, amelia hadi sauti imekwisha. Ghafla akakumbuka: Tone. Chakula cha watu wote wale, mikono yote ile, nani anajua nani ameshika nini? Akajifunga kanga, akatoka nje na macho yaliyovimba, tayari kusimama kwenye mlango wake wa siku zote.

Akakuta beseni la maji na sabuni mlangoni pa ua, na mwalimu yule amesimama hapo. Hakuna aliyeruhusiwa kusogelea moto kabla ya kunawa hadi viwikoni. Msagaji alikuwa ameleta unga mwenyewe, kiroba kimeshonwa mdomo, na yule mama wa mtoto asiyekula ngano alikuwa akiuliza kila anayeleta kitu, "Kina nini humu? Kimepikwa na nini?" Sahani moja ya mtu mwema iliyokuwa na karanga ilikuwa imewekwa mbali kabisa, juu ya ukuta, imefunikwa.

Dada alifungua mdomo aanze kueleza.

"Mwanangu," mwalimu akamwambia, "nenda kakae. Tunajua."

Alisimama pale akiwatazama, Mama. Watu wasiopungua mtaa mzima, kila mmoja akinawa kwa ajili ya mtoto mmoja. Kisha akaenda akakaa kwenye mkeka, ubavuni pa Tone. Wakaletewa sahani moja, kunde na wali, mvuke bado unapanda. Tone akaanza kula. Na Dada, ambaye hakuwahi kukaa mtoto huyu akila, akachota tonge akala naye, chakula kikiwa bado cha moto.

Unakumbukwa na mume wako, mpaka rangi, ambaye sasa anapika. Na binti yako mkubwa, anayesomea lishe. Na sisi wa katikati, tunaoandika haya. Na Tone, ambaye sasa angekuzidi kimo. Na dada zako wawili na mama yako mzazi aliyetuazima mwanawe. Na wateja wako wote, waliosukwa na waliokuja kuuliza tu. Na mzee wa mashine ya kusaga.

Pumzika, Mama. Leo, kesho na siku zote, hutatutoka moyoni.