Mraba wa Tumboni

Jumatatu, 1 Agosti 1994
Keko yote, kitanda kisichopita mikononi mwangu si kitanda, ni kichanja. Waziri mmoja alilalia changu, akagoma safari za Ulaya. Leo fundi mkuu kashindwa kusukuma randa. Bandama. Limenijaa ubavu wa kushoto hadi jirani na kitovu, gumu kama gogo la mninga. Kesho naanza mionzi. Daktari kasema wazi: ugonjwa wa damu hauondoki, tiba hii ni ya kutuliza maumivu tu. Sawa. Mie nataka kukaa mkekani. Tarehe 14 namwozesha Zuhura, binti wa marehemu kaka. Kwenye kiti sikubali, mie si mgeni rasmi. Nikishindwa, ataozesha binamu Hemedi. Naye anatamani.

Jumanne, 2 Agosti
Dada wa mionzi kanichora mraba tumboni kwa wino wa zambarau. Mashine ilenge humo. Nisiuoshe. Nikamweleza milango niliyochora mie mjini humu. Kasema, "Basi leo mzee wangu tulia, uchorwe wewe." Haiumi. Mke wangu nimemwambia ina moto wa tanuri.

Ijumaa, 5 Agosti
Jana mionzi tena. Leo nimeamka nimelalia ubavu wa kushoto, bila maumivu. Nimelia kidogo. Kwa furaha nikaoga josho la Ijumaa, nikajisugua kwa dodoki kama bwana harusi. Kutazama, mraba hakuna. Nimeogopa. Wakinirudisha foleni, harusi itanipita. Nikachukua rula na kalamu ya wino, nikajichora upya. Sijamwambia mtu.

Jumatatu, 8 Agosti
Dada kanitazama tumbo. Kisha:
"Mzee, hii kachora nani?"
Nikasema, si wewe mwenyewe.
"Wangu ulifuata mbavu. Huu umenyooka kama dirisha."
Kacheka mpaka kashika ukuta. Halafu kaacha kucheka. Ningepigwa mionzi pasipo ugonjwa. Leo hakuna tiba mpaka daktari anipime.
Benchi tangu asubuhi. Akilini namwona Hemedi keshapiga pasi kanzu.
Alasiri daktari kaminya. Kaminya tena. Bandama limerudi nyuma. Hata mraba wa kwanza sasa ungekuwa mkubwa. Kachora mdogo. Dada alikuwa keshajifunga khanga ya kurudi nyumbani, kaivua kwa ajili yangu, kanipiga mionzi. Hakunisema. Mungu ampe kila anachokitaka.

Ijumaa, 12 Agosti
Nimekula ndizi na samaki, sahani nzima. Sijashika ubavu.

Jumapili, 14 Agosti
Nimemwozesha. Mkekani, miguu nimekunja, mkono wa bwana harusi mkononi mwangu. Sauti haikutetemeka. Zuhura kanibusu mkono, kasema, "Ahsante, ba'mdogo." Ubavu kimya kabisa. Alhamdulillah.
Watu waliinuka kwenda kula biriani, mie nikabaki nimeinamisha kichwa. Nikawaambia namwombea kaka. Hemedi kafuta machozi.
Kweli nilimwombea, baadaye. Mwanzo miguu ilikuwa imekufa ganzi, siwezi kuinuka.