Mashine Iliyoletwa Kahama kwa Basi

Baba Neema,

Nakusalimu kutoka Nyasubi, hapa Kahama, kwenye joto na vumbi. Hasira yangu haijapoa.

Kazi iliyonileta unaijua: hesabu za mawe ya dhahabu niziandike mara moja tu, zikubali kwenye kompyuta yoyote bila kubadilishwa, na ratiba iziendeshe yenyewe kila asubuhi kwenye kompyuta ya ofisi ya Geita. Jana zilikubali. Leo asubuhi kimya kabisa. Nimekagua kila mstari nilioandika, nikijilaumu, michembe yangu ya viazi ikapoa mezani.

Mchana mzee Masanja, meneja wetu wa Geita, akashuka kwenye bodaboda amekumbatia kompyuta yenyewe ya Geita, kaifunga blanketi. Akaniita mama kwa Kisukuma: "Mayu, si ulisema hesabu sasa zinafanyika hata Kahama? Nimekuletea." Huku machimboni, dhahabu ikiibuka kwingine, watu hung'oa karasha lao la kusagia mawe wakahamia nalo. Basi naye kaing'oa kompyuta vivyo hivyo, na kwenye basi kaikatia tiketi ya kiti cha dirishani.

Sasa anataka mimi ndiye niirudishe Geita, Jumapili nikose komunyo ya kwanza ya Neema. Nimekataa. Ataondoka nayo mwenyewe, aichomeke pale alipoichomoa. Hesabu nitazisimamia nikiwa sebuleni kwetu, kwenye kompyuta yangu. Ndiyo maana nilizitengeneza hivyo.

Nibusie mwanangu. Asisukwe na mtu, nakuja kumsuka mwenyewe.

Mama Neema