Mbuzi Aliyeishia Sultan Hamud

Baba Mwende,

Jana niliapa. Sasa mimi ni Mkenya, kwa kiapo na kwa cheti. Ungekuwa hai ningekununia: chakula ningekuwekea mezani, maji ya kuoga ningekutengea, na neno lisingenitoka mpaka uulize mwenyewe umekosa nini. Lakini umelala hapo nyuma ya tangi la maji, na marehemu hanuniwi. Basi nakuandikia. Nina hasira na wewe. Hilo ulijue kwanza, mengine yatafuata.

Ni wewe uliyekuwa ukinisukuma kila nilipokwenda kulipia kibali cha kukaa. "Resti, wacha kuishi kama mgeni. Uko na mtoto hapa Kwa Vonza, uko na duka ya kushona, unangoja nini?" Nilikuwa nakungoja wewe, twende pamoja. Ukafa. Mwaka huu Mwende akanishika mkono tukaenda. Afisa alikuwa mtu mwungwana, akanieleza kwamba mjane wa Mkenya ana njia yake, nilete tu mtu wa upande wa mume aape kuwa ndoa yetu ilikamilika kimila. Nikatoka nikitabasamu. Si Musyoki yupo? Ndugu yako wa tumbo moja, uliyefuatana naye kupeleka mbuzi kwetu Rombo, ng'ambo ya mpaka.

Tulikwenda naye kwa wakili, Kitui mjini. Wakili akamsogezea Biblia. Musyoki akaitazama kama sufuria iliyotoka motoni, mikono ameificha mapajani.

"Shemeji," akaniambia, "mimi niliokoka. Siwezi shika Bibilia niseme hiyo mbuzi ilifika. Hiyo mbuzi tulikula njiani, Sultan Hamud."

Nilidhani anatania, maana nyie ndugu wawili mlizoea kunitania. Nikacheka. Nilicheka peke yangu, Baba Mwende, mbele ya wakili.

Wewe ndiye uliyenifundisha habari za ntheo. Ulisema kwa Wakamba mbuzi wa ntheo asipochinjwa nyumbani kwa wazazi wa msichana, huyo msichana si mke, hata azae watoto kumi. Ni rafiki tu aliyekaa sana. Ulinieleza hivyo kwa sababu mama yangu alikuwa amenifukuza, akasema nisikanyage kwake mpaka huyo mwanamume niliyemfuata aje na watu wake asimame mlangoni, aonekane. Ukaniambia usijali, ntheo ndiyo hiyohiyo, nitaenda nisimame.

Na ulikwenda. Nilikusindikiza mpaka barabarani, nikamfunga yule beberu kamba mpya shingoni. Mlirudi baada ya siku mbili, mnanuka moshi wa nyama. Ukanipa kanga mpya iliyoandikwa *Nani kama mama*. Ukasema, "Mama yako ametuma hii. Anasema amekusamehe."

Nilililia ile kanga. Nilimbebea Mwende mgongoni. Nilijifunga siku tulipokuzika wewe. Kumbe uliinunua dukani Sultan Hamud, Musyoki akikushikia kofia wakati unachagua rangi.

Anasema uliogopa. Anasema mlishuka kunywa chai, ukasema, "Huyo mama akinirudisha na mbuzi mbele ya watu, nitaficha uso wapi?" Mkampeleka beberu wangu kwenye bucha. Mwanamume mzima, uliyemfukuza fisi kwa rungu, ukamwogopa mjane wa Rombo anayeuza ndizi!

Sasa naelewa mazishi ya mama. Alikufa mwaka uleule, kabla sijafika kumshukuru, nami nilikwenda na tumbo kubwa nikijua nimesamehewa. Jikoni hawakuniita. Walinipa kiti cha plastiki kama mgeni wa kutoka mbali. Wewe ulikaa kule barabarani, ukasema tumbo linakusokota. Mama mdogo aliniambia kitu kimoja tu: "Dada alikuwa akiuliza kila siku kama kuna mtu amekuja." Nilidhani ananiulizia mimi. Nikakueleza usiku, ukageukia ukutani. Hapo ndipo ungesema, Baba Mwende. Hapo hapo. Ningekupiga kwa mwiko na ningekusamehe.

Mama alikufa akiangalia mlango. Wewe ulikuwa umeshiba.

Afisa alipojua hakuna wa kuniapia, akanionyesha njia nyingine, ya mgeni aliyeishi nchini muda mrefu kwa vibali halali. Ndiyo niliyopita. Kwa hiyo sikuapa kama mke wako. Niliapa kama mpangaji asiyechelewesha kodi. Pale ukumbini waliita kwanza kasisi mmoja Mkongo, kisha wakaita, "Restituta Shirima." Jina la baba yangu tupu. Akina mama wa kanisa, waliovaa vile vitenge nilivyowashonea kwa ajili ya siku hiyo, walitazamana wakitafuta nani huyo, maana wao wananijua kama Mama Mwende. Nikasimama. Niliinua mkono, nikaapa kuwa mwaminifu. Nilikuwa nakufikiria wewe kwenye hilo neno mwaminifu.

Nyumbani nilikuwa nimepanga sherehe. Hema tulikodi, viti vikatoka kanisani, muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa ukachemka tangu alfajiri. Musyoki akaja anaburuta beberu, mkubwa, mweusi, kichwa ameinamisha, nasema Musyoki, si mbuzi. Akasema ni wa kunipongeza, tayari alikuwa anauliza kisu kiko wapi.

Nikamwambia, "Mfunge pale kwenye tangi. Huyu haliwi leo."

Wageni walikula muthokoi na maharagwe. Mchungaji alilitazama lile tangi mara nyingi kuliko alivyoitazama Biblia yake. Walinung'unika hadi wakaondoka, na wengine watanisema mpaka Krismasi: raia mpya, mchoyo mpya. Waseme.

Nilitaka leo nikuchukie, nimeshindwa. Kila nikifika hapo nakuona dukani, unachagua kanga, na kati ya zote ukachagua ileile ambayo mama angeichagua. Ulinijua hivyo, na bado ukanidanganya. Hilo ndilo linaniuma kuliko mbuzi.

Kanga nimeifua, nimeikunja. Siwezi kuivaa na siwezi kuitupa. Nitaifunga shingoni mwa huyu beberu, badala ya kamba. Wazee wa ukoo wako wamesema ndugu anaweza kupeleka ntheo kwa niaba ya marehemu, na Musyoki amekubali, tena kwa machozi. Jumamosi tunakwenda. Sultan Hamud hatutashuka, hata kwa chai. Mpakani nitasimama foleni na pasi ya muda ya Kenya, nigongewe muhuri ili niingie kwa mama yangu. Baba mdogo kule Rombo ameambiwa. Musyoki atasimama mlangoni, aonekane, ataje jina lako kwa sauti, na mimi nitakuwa nyuma yake nahakikisha.

Nikirudi nitakuwa mke wako. Hapo nitakuja nikae karibu na tangi, nikununie vizuri.

Lala, Baba Mwende. Mbuzi safari hii anafika.

Resti wako