Kola Mara Mbili

Shoga, acha unachofanya. Mama karudi saa nne asubuhi, kakaa tu, hata viatu hajavua.

Unakumbuka shangazi alivyomfunga kamera kichwani kule kiwandani? Miezi mitatu. Eti, "Wifi, wafanyakazi wapya wajifunze kushona kwa mikono yako." Shangazi huyo huyo ambaye mama ndiye alimwingiza kazini, sasa ndiye msimamizi wake.

Leo wameleta mashine. Inashona kola, halafu mkono wake wa chuma unaipapasa mara mbili.

Mara mbili, shoga. Ya pili haina kazi yoyote, ni mazoea ya mama tu tangu usichana wake.

Shangazi akamwambia mbele ya watu wote, "Wifi, mpigie makofi mwanafunzi wako."

Barua ya kumwachisha kazi kampa baadaye. Mama alikuwa ameshapiga makofi.