Buni za Kaka Hatibu

Kaisho, mwezi wa Rajabu

Kwa shemeji yangu Shufaa, Pangani.

Salamu baada ya dua. Maharage yamestawi, na paa la duka halivuji tena. Mumeo anakusalimu.

Unajua mimi na Kaka tukicheza bao, anayefungwa humpa mwenzake buni za kahawa za kutafuna. Miaka yote nimempa mimi. Jana nilimfunga, nikashangilia kama mjinga, kisha nikaona amesinzia na kete mkononi, mchana kweupe. Nilipomwamsha akaninyooshea buni, akasinzia tena kabla sijazipokea.

Ni malale, shemeji. Wengi wameugua hapa, hakuna aliyeinuka. Kaka alinikataza nisikuambie.

Ile kofia unayomshonea ya kurudia nyumbani, usiimalize.

Ni mimi shemeji yako,
Zubeiri