Mume Wangu Anasifiwa kwa Kamera Niliyoitengeneza Mimi

Mpendwa Shangazi Stephania,

Shikamoo. Naomba unisaidie kabla mume wangu hajaaibika mbele ya watu, naye ni mume ambaye sikuwahi kufikiri Mungu angenipa mimi, binti wa Mzee Polikarpi fundi baiskeli. Tulifunga ndoa wiki tano zilizopita hapa Ihembe na bado nimo ndani, maana huku kwetu bibi harusi mpya, omugole, hashiki jembe, hachochei moto wala hafagii mpaka siku atakapotolewa nje na kupewa jembe alime kidogo mbele ya wakwe, na kabla ya siku hiyo kazi yangu ni kunywa maziwa, kula ndizi zilizoungwa kwa samli, kung'aa na kumsubiri Yustus. Kumsubiri Yustus si kazi, Shangazi. Nikisikia kengele ya baiskeli yake kwenye migomba nasahau hata kidato cha nne nilisoma nini.

Yustus ni mpiga picha, anafanya kazi Omurushaka na kwenye harusi za huku na huko. Wiki ya pili ya ndoa yetu alitaka tupigwe picha sisi wawili, kamera ikijipiga yenyewe huku naye akikimbia kuja kukaa karibu nami, na kwa mchezo huo lazima kamera ifungwe juu ya stendi yake ya miguu mitatu, basi akaiingiza bolti ya stendi upande upande, akaikaza kwa nguvu zote kwa sababu nilikuwa namtazama, na tundu la chini ya kamera likaliwa meno yote. Kamera ikawa inacheza juu ya stendi kama jino la mtoto. Akaniambia, "Mpenzi, wacha ilale hapa karibu nawe, labda itapata nafuu," akaiacha kitandani na bisibisi ndogo juu yake, stendi akaiegemeza ukutani, akaenda zake.

Sasa mtu amekaa wiki mbili bila kugusa kazi, mikono inawasha. Niliambiwa nisishike jembe wala mwiko. Bisibisi hakuna aliyeitaja.

Filamu ilikuwa imeshatolewa, kwa hiyo nikafungua skrubu nne za bati la chini, nikakitoa kile kipande chenye tundu bovu, nikapekua redio mbovu iliyokuwa chini ya kitanda nikapata kinati cha shaba ambacho bolti ya stendi iliingia kwa vidole tu bila ubishi, ila kilikuwa kikubwa kidogo kwa nafasi yake, kikahitaji tupa. Na tazama mapenzi, Shangazi. Jioni ile ile Yustus akaniletea tupa, eti nitengenezee kucha. Kesho yake akaja na gundi ya tyubu mbili, ile ya kuchanganya, akasema ni ya kiatu chake, akaiweka mezani kwangu akaisahau. Kila ninachokihitaji kinafika kabla sijafungua mdomo. Nikasugua kinati huku naimba ili mama mkwe wangu, Mama Kokubanza, asisikie sauti ya tupa, naye huko nje akawaambia majirani, "Huyu ameridhika, sikieni." Bolti niliipaka samli ili gundi isiing'ang'anie, nikaitumia kukishikilia kinati kiwe wima, nikabandika, nikaacha ikauke siku nzima. Mama Kokubanza alipoona samli imeisha haraka alifurahi, akaniongezea.

Yustus alipojaribu, kamera ikashika kimya. Akanitazama, akatabasamu lile tabasamu lake, akasema, "Kumbe nilikuwa nimeikaza vibaya tu." Nikanyamaza. Ningesema nini, wakati watu wakisikia omugole anasugua chuma ndani watasema mama mkwe amemgeuza kibarua kabla hata hajatolewa nje, na Mama Kokubanza ataingiaje kanisani?

Balaa ni kwamba Omurushaka walikuwa wameiona kamera ikiwa mbovu. Wakamuuliza nani kaitengeneza, akasema yeye. Sifa zikafika Bugomora kwa Mwalimu Methodius, mwalimu mkuu, ambaye kamera yake ina ugonjwa huo huo. Jumapili alikuja, nikawasikia sebuleni.

"Iache tu, Mwalimu, uifuate baada ya siku mbili," Yustus alisema.

"Siiachi. Kamera yangu haijawahi kulala nyumba ya mtu. Nitakuja shule zikifungwa, nikae kwenye kiti hiki, nikutazame mwanzo mpaka mwisho."

"Utachoka, Mwalimu."

"Nimesimamia mitihani miaka kumi na tisa, kijana. Sichoki kumtazama mtu asiyejua jibu."

Tangu siku hiyo mume wangu anakula nusu sahani. Juzi aliniuliza, "Hivi baba mkwe akiwa na kinati kinachokataa kuingia, angekisugua upande gani?" Ona anavyompenda baba yangu. Lakini siku zimebaki ishirini na mbili shule zifungwe, nami nitatolewa nje siku nne tu kabla ya mwalimu kufika. Nikisema ukweli namvunjia mume wangu heshima niliyoapa kuilinda, na nikinyamaza ataiharibu kamera ya watu mbele ya mwenyewe, na hakuna atakayempa tena kazi ya harusi. Nifanyeje?

Wako,
Omugole, Ihembe

*

Omugole,

Marahaba, na hongera ya ndoa. Majina yote tumeyabadili, kwa kuwa wewe uliyaandika yote, pamoja na la mbuzi wa harusi.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa ajili ya kucheka. Mwanangu, umefika kidato cha nne, unajua kufungua bati la kamera, na bado huoni kilicho mbele ya pua yako? Mumeo anajua. Alijua tangu aliposahau bisibisi kitandani kwa makusudi. Kaoa nyumba ya fundi baiskeli, unadhani hakuuliza binti wa pale alikuwa akishinda wapi? Tupa ya chuma haitengenezi kucha za bibi harusi. Kiatu chake umekiona kimebandikwa? Na hilo swali la baba mkwe si mapenzi kwa Mzee Polikarpi, ni mwanafunzi anayechungulia daftari la jirani.

Simlaumu alivyoanza. Asingeweza kusimama sokoni akatangaza kwamba omugole wake anasugua chuma chumbani. Lakini alianza kwa kukufunika wewe, akaona sifa zina joto, akajifunika mwenyewe. Nawe usijifanye malaika. Umenyamaza kwa sababu siri ilikuwa tamu. Heshima ya mume hailindwi kwa kumpeleka mbele ya watu akiwa mtupu huku wewe umeshika nguo zake.

Leo akirudi, usimhutubie. Mpe bolti mkononi, mwambie, "Nionyeshe tulivyofanya." Akicheka, mmemaliza. Akinuna, mwache ale, kisha mwambie tena. Mama Kokubanza umwambie wewe, kabla hajaambiwa na mtu wa Bugomora, na samli umshukuru. Usiogope aibu yake. Mama mkwe akijua ana fundi ndani ya nyumba haendi kujificha, anaenda kukusanya taa zake zote mbovu.

Ukishalima mbele ya wakwe, hakuna mila inayokuzuia tena. Mwalimu aje, apewe kiti. Wewe ukae mezani, Yustus akupe vifaa. Filamu aitoe mwalimu mwenyewe, usiiguse. Kama ni meno ya tundu tu yameliwa, fanya kama ulivyofanya, ila upime bolti isizidi kina cha tundu, isije ikatoboa tumbo la kamera. Kama mwili wenyewe umepasuka, mwambie aipeleke Bukoba, na usione haya, maana fundi mzuri hujulikana pia kwa kazi anazozikataa. Gundi inataka siku nzima kukauka, kwa hiyo kamera italala kwenu atake asitake. Kama hana imani nanyi, mtandikie mkeka alale nayo.

Lililobaki ni la Yustus, ambaye najua anausoma ukurasa huu, maana wanaume wote husema gazeti ni la mke. Mwalimu akiuliza fundi ni nani, Omugole, wewe usijibu. Shikilia bisibisi, umtazame mumeo. Akilitaja jina lako kwa sauti, fungua skrubu ya kwanza. Akianza kujiumauma, mkabidhi mwalimu kamera yake kama ilivyokuja.