Sanda ya Sumaili kwenye filamu

Aicha, unakumbuka jirani yetu Mama Bella aliniuliza siku moja, «Ile igizo ya bwana yako kwenye televizyo ya Bukavu, kama vita haingeikata, ingeisha namna gani?» Nikamujibu, Mungu njo anajua.

Sasa sikia. Niko hapa mtaa wa Area 47, huku ugenini, pahali banapiga filamu.

Djafari, ule mwenye kutengeneza filamu, alisema bafufue ile igizo, baifanye filamu, bantu bapate mwisho. Nikakubali mwigizaji mumoja, Alimasi, acheze nafasi ya bwana yangu Sumaili. Nilifikiri ni vichekesho tu, kama ile igizo ya mwaka 95.

Aicha, bamemulaza Alimasi chini ndani ya sanda! Sanda ya kweli! Bantu bametawadha, bamepanga safu, bamegeukia Kibla kabisa!

Nikapiga kelele, «Muache! Huyu anapumua!»

Djafari akacheka. «Mama, ni sinema tu. Kila hadithi inataka mwisho.»

Sinema tu! Na unajua mwili wa Sumaili haukupatikana, na mi sijakubali aswaliwe mpaka leo.

Nikamwambia, «Janaza yake ya kwanza iwe ya kamera? Igizo iliyokatwa na vita, muiache vile ilikatwa.»

Hakuna aliyetoka kwenye safu.

«Tuanze,» Djafari akasema. Sinema tu, eti!

Njo Alimasi akaamka. Akajivua sanda, akaikunja polepole, akaniwekea mikononi. Akapita katikati ya safu, akatoka nje.